Kuishi Safarini Bila Ukaazi wa Nchi Yoyote: Mwongozo kwa Mwenye Pasipoti ya Afrika Mashariki

"Dada, unakaa wapi?" Afisa wa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, aliniuliza huku akiifunua pasipoti yangu mbele na nyuma. Nikamjibu ukweli: kwa sasa sikai popote. Akacheka, akamwita mwenzake naye aje asikie. Nikawekwa pembeni dakika arobaini, basi likinipigia honi, mpaka bosi wao akaja na swali lililo bora zaidi: "Kwenu wapi, na unarudi lini?" Nikasema Tanga, narudi baada ya Idi. Muhuri ukagongwa.

Ni mwaka wa sita sasa naishi hivi. Kazi yangu ni ya kutafsiri, naifanya kwenye kompyuta, na mteja wangu hajali kama niko Kisumu au Cebu kule Ufilipino. Sina kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya kigeni wala nyumba yangu mwenyewe. Miongozo niliyosoma mwanzoni iliandikwa kwa Mwingereza au Mkanada, ambaye pasipoti yake inafungua milango mingi kabla hajabisha. Sisi tunabisha kwanza, na mara nyingi tunasubiri. Kwa hiyo huu ni wa kwetu: Mtanzania, Mkenya, Mganda na majirani, pamoja na ndugu zetu wenye karatasi za Ulaya, Marekani na Ghuba.

Nisieleweke vibaya, hii si kuzamia. Mzamiaji amepitiliza muda au ameingia kwa mlango wa uani. Anayeishi safarini kila siku yake ina muhuri halali nyuma yake. Kilichokosekana ni nchi aliyoichagua iwe makao.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya

Uraia ni pasipoti. Ukaazi wa uhamiaji ni kile kibali kinachokuruhusu kukaa nchi ya watu kwa miezi au miaka. Ukaazi wa kikodi ni habari nyingine kabisa, unahesabiwa kwa siku na kwa nyumba, na unaweza kuupata bila kuuomba. Anwani ni mahali ambapo barua, kadi ya benki na polisi watakutafuta.

Unaweza kuishi vizuri tu bila cha pili. Cha tatu ukikikosa utapata usumbufu, nitaueleza. Cha nne usithubutu kukikosa. Na cha kwanza ukikipoteza, wewe si msafiri tena, umekuwa mtu asiye na utaifa. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya miongo mingi bila vitambulisho na ikabidi waende Nairobi kwa miguu mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri mpaka 2023. Hayo si maisha ya kuyaigiza.

Kuna kisa kingine ambacho kila anayetaka maisha haya akijue. Mwaka 2004 mwanamume mzaliwa wa Kenya aliukana uraia wa Kenya akiwa na pasipoti ya Uingereza ya aina isiyompa haki ya kuishi Uingereza. Waingereza wakamrudisha. Akabaki ndani ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa zaidi ya mwaka, akilala kwenye viti, mpaka alipopewa uraia kamili mwaka 2005. Alikuwa na pasipoti mkononi muda wote huo.

Kwa hiyo chunga pasipoti. Ihuishe ikibaki na mwaka mmoja, usisubiri miezi sita, kwa sababu nchi nyingi hazikupokei ikiwa na chini ya miezi sita. Hakikisha una kurasa mbili tupu wakati wote. Wakenya wana bahati ya kuchagua kitabu cha kurasa 34, 50 au 66; chukua 66, tofauti ya bei ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kutafuta kipya. Na kama pasipoti yako ni ya Tanzania, usidanganywe na matangazo ya kununua uraia wa visiwa vya Karibiani, ambao siku hizi unaanzia dola 200,000. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Congo ya Kinshasa nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili. Kenya imeruhusu tangu Katiba ya 2010, na Uganda, Rwanda na Burundi zinaruhusu.

Hatua ya 2: Tafuta mtu wa anwani

Kabla ya tiketi, kabla ya begi, tafuta mtu. Mimi ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Kwake ndiko niliko kwenye makaratasi yote: benki, namba ya mlipakodi, kadi ya kliniki. Ana kopi za vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na hati ya uwakili iliyothibitishwa na wakili inayomruhusu kupokea kadi, kufuatilia karatasi na kutia saini mambo niliyoyataja kwa majina, si kila kitu.

Chagua mtu asiyehamahama, anayepokea simu, na ambaye mkigombana hatakushika pabaya. Hiyo sifa ya mwisho inawaondoa wengi. Mpe kitu kila mwezi, hata kidogo, ili jambo hili liwe kazi yake na si hisani tu. Mtambulishe pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu kama ni Kenya. Siku moja utahitaji barua ya utambulisho kutoka mtaani, na mwenyekiti haandiki barua ya mtu asiyemjua. Kila nikirudi napita ofisini kwa mwenyekiti na sukari kilo mbili. Si rushwa, sina ninachoomba siku hiyo. Ni kumkumbusha sura.

Nimewahi kulipia kutomjali mtu wa anwani. Mwaka wangu wa pili nilikuwa Nairobi nikataka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kuhudhuria mafunzo ya wiki moja. Nikalipa, nikapanga foleni, nikaambiwa dirishani: wewe ni Mtanzania, hapa Kenya uko kwa matembezi, kaombe unakokaa kisheria. Kanuni zao za viza ndivyo zinavyosema: ubalozi hupokea maombi ya mtu anayeishi kihalali kwenye eneo lake, na ukiwa mgeni tu lazima uwe na sababu ya kuwashawishi. Nikarudi Dar es Salaam. Kule wakataka ushahidi kwamba nina mizizi nyumbani, na mimi wakati ule nilikuwa najivunia kwamba nimeshaing'oa yote. Mafunzo yalinipita. Tangu hapo najua kwamba ukiwa na pasipoti kama yetu, uhuru wa kutokukaa popote unasimama juu ya mahali pamoja panapokukiri.

Hatua ya 3: Chora mzunguko wa mwaka

Mabaharia wa zamani wa pwani hii hawakuzunguka ovyo. Walikuja na kaskazi, wakaondoka na kusi, na katikati walijua bandari ya kusubiria. Nawe chora mwaka wako hivyo: bandari ndefu mbili au tatu, fupi kadhaa, na nyumbani.

Anza na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu ndiyo mali yetu kubwa na watu hawaitumii. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010, na kanuni zake zinampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kuingia kisicholipiwa, cha hadi miezi sita. Zingatia neno "hadi". Afisa anaweza kukuandikia mwezi mmoja au mitatu, na wengi hawatazami, wanafunga pasipoti na kukimbilia basi. Soma muhuri pale pale dirishani. Ukiona ni mfupi, sema kwa upole: "Afande, naomba miezi sita, nina mpango wa kukaa." Mara nyingi anaongeza. Ukishatoka geti, itabidi uende ofisi ya uhamiaji ya mkoa au kaunti.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu. Kwa anayeishi safarini sishauri: kitambulisho hakigongwi muhuri, na muhuri ndiyo shahidi wako wa siku ulizokaa. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura. Burundi nayo imo kwenye utaratibu wa Jumuiya. Congo, Somalia na Sudan Kusini ni wanachama wapya, ulizia kwanza. Uanachama na mlango wazi ni vitu viwili.

Kusini kuna Zambia, Malawi, Botswana na nyinginezo ambazo Mtanzania na Mkenya huingia bila viza. Afrika Kusini humpa Mtanzania siku 90, na tangu Januari 2023 Mkenya pia huingia bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Nje ya bara, Singapore na Ufilipino zinatupokea bila viza, Ufilipino siku 30 ambazo unaweza kuongezewa ukiwa ndani, ila hawakuruhusu hata kupanda ndege bila tiketi ya kuondokea. Ushelisheli nayo haitudai viza. Rwanda iliwafungulia Waafrika wote mwaka 2023, jambo zuri kwa rafiki yako Mnigeria utakayekutana naye huko.

Mzunguko wangu wa mwaka uliopita, kwa mfano: Kenya siku 110, Uganda 80, Rwanda 60, Afrika Kusini 60, nyumbani 55. Jumla 365. Kwa nini 110 wakati Kenya ingenipa 180? Jibu liko hatua inayofuata.

Kuna watakaokwambia habari za Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako mtu wa taifa lolote anaishi bila viza ilimradi ajitegemee. Ni kweli. Ila ndege za kawaida hupitia Norway bara, na hapo unahitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili ili upate njia ya kurudi. Na jua halichomozi miezi kadhaa. Mimi wa Tanga nimeshukuru kwa taarifa.

Hatua ya 4: Hesabu siku kabla hazijakuhesabu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali nazo zinaiamini methali hii, ila siku zao ni 183, na jembe lao ni kodi.

Sheria za Tanzania na Kenya zinafanana sana hapa. Wewe ni mkaazi wa kikodi ukitimiza moja kati ya haya: una makazi ya kudumu nchini na ukaingia hata siku moja ndani ya mwaka huo, au huna makazi lakini umekaa siku 183 au zaidi, au umekaa mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Uganda nayo ina kipimo cha 183 na cha wastani wa 122.

Kipimo cha tatu ndicho kinachowanasa wajanja. Mtu anakaa Kenya siku 130 kila mwaka, miaka mitatu, anajisifu hajawahi kukaribia nusu mwaka. Mwaka wa tatu ameshakuwa mkaazi. Ndiyo maana kanuni yangu ni siku 120 kwa nchi moja kwa mwaka, nusu mwaka sifiki popote. Afrika Kusini ina hesabu yake ndefu, zaidi ya siku 91 kwa mwaka huu na kila mmoja wa miaka mitano iliyopita, pamoja na jumla inayozidi 915 katika miaka hiyo mitano. Miezi miwili kwa mwaka haikufikishi huko.

Sasa rudi kwenye kipimo cha kwanza, maana hapo ndipo ndoto ya wengi inapoishia. Una nyumba Kigamboni au Kitengela, umeiacha na vitanda vyako na mlinzi, ukaja kula Krismasi wiki moja. Mwaka huo wewe ni mkaazi. Hakuna ubishi wa siku. Ukiipangisha yote kwa mtu mwingine, huna tena mahali pa kulala pako, hoja yako inapata nguvu, ingawa mapato ya pango hilo yatatozwa kodi ya serikali hapo hapo yanapotoka.

Ushauri wangu utawaudhi wanaofikiri shabaha ya maisha haya ni kutolipa kodi kokote. Kama kipato chako ni cha kawaida, kubali kuwa mkaazi wa kikodi wa kwenu. Jaza ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, lipa kinachostahili, uwe na cheti. Sababu ni mabenki. Tangu 2017 nchi nyingi zinabadilishana taarifa za akaunti za wageni, na kila benki ya nje itakupa fomu: taja nchi ambako wewe ni mkaazi wa kikodi, na namba yako ya mlipakodi. Hakuna kisanduku cha "popote pale". Ukiandika hakuna, akaunti inaingia kwenye maswali. Ukiandika uongo, umesaini uongo. Isitoshe, mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili inamlinda aliye mkaazi wa moja ya nchi zilizosaini. Asiye mkaazi wa popote hana mkataba wa kujifunika nao.

Tarehe ya kukumbuka: 30 Juni. Mkenya mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, hata kama hakupata kitu anajaza ritani ya sifuri, la sivyo ni faini ya shilingi 2,000 kila mwaka, na inajilimbikiza wakati wewe unapiga picha ufukweni. Kwa mtu binafsi wa Tanzania ambaye mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba, ritani ya mwisho nayo ni ndani ya miezi sita, yaani tarehe hiyo hiyo.

Walioko ng'ambo wana mitego yao. Raia wa Marekani anatozwa na Marekani hata akiishi mwezini. Mwenye kadi ya kijani hivyo hivyo, na zaidi ya hapo kutoka kwa mwaka mzima bila kibali cha kurejea kunaweza kumpokonya kadi. Mwenye ukaazi usio na kikomo wa Uingereza akikaa nje miaka miwili mfululizo unakufa. Ukaazi wa kawaida wa Falme za Kiarabu unakatika ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Ndugu, kama umeupata ukaazi huo kwa jasho la miaka kumi, fikiri mara mbili kabla ya kuuacha ufe kwa sababu ya mtindo wa maisha.

Hatua ya 5: Jifunze kusimama mbele ya dirisha

Daftari. Nina daftari dogo lenye mistari, kila ukurasa nchi moja: tarehe ya kuingia, ya kutoka, mpaka gani, siku nilizopewa. Programu za simu zipo, ila simu huzimika pale mpakani Mutukula ukiwa wa tatu kwenye foleni. Piga na picha ya kila muhuri siku hiyo hiyo.

Kwenye begi la mkononi uwe na tiketi au mpango wa kuondoka, mahali utakapolala siku za kwanza, taarifa ya benki ya miezi mitatu, na cheti cha chanjo. Jibu unachoulizwa, ukweli na kwa ufupi. Usihadithie falsafa ya maisha. Nilipomwambia yule afisa "sikai popote" nilimpa fumbo, na afisa uhamiaji halipwi kutegua mafumbo. Siku hizi nikiulizwa nakaa wapi nasema Tanga, kwa shemeji, ambako ndiko zilipo karatasi zangu. Ni kweli tupu.

Suala la kazi linahitaji uangalifu. Kibali cha matembezi hakiruhusu kuajiriwa wala kuuza huduma nchini humo, hata ndani ya Jumuiya. Kutafsiri hati za mteja aliye Ujerumani ukiwa hotelini Kampala, sheria nyingi hazikulitaja waziwazi jambo hilo, na zile nchi zilizolifikiria zimetengeneza viza zake. Mauritius inatoa ya mwaka mmoja kwa anayeingiza angalau dola 1,500 kwa mwezi kutoka nje. Thailand tangu 2024 ina ya miaka mitano, kila ukiingia siku 180, ila uonyeshe baht 500,000 benki. Dubai wanataka dola 3,500 kwa mwezi. Ukitaka kukaa mahali kwa kutulia na mkutano wa video kila asubuhi, chukua viza ya aina hiyo, ulale usingizi.

Kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni ili upate siku mpya hufanya kazi mara ya kwanza, mara ya pili unaulizwa, ya tatu wanakupa siku saba. Afrika Kusini ukitokea nchi jirani mara nyingi wanakurudishia tarehe ile ile ya zamani. Na kuna biashara ya kumpa kondakta au kishoka pasipoti aipeleke mpakani igongwe, wewe umebaki mjini unakula chipsi. Usiguse. Muhuri ule unasema ulitoka nchini saa nne asubuhi wakati simu na kadi yako vinasema ulikuwa supamaketi. Hilo ni kosa la jinai, tena pasipoti inaweza isirudi.

Kupitiliza muda kuna bei inayojulikana. Falme za Kiarabu dirham 50 kwa siku. Thailand baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na ukizidisha siku 90 unafungiwa mwaka. Afrika Kusini haitozi faini uwanjani, inakufungia: mwaka mmoja ukipitiliza siku zisizozidi 30, miaka mitano ukizidisha hapo. Kwa mtu ambaye nchi hizo ni vyumba vya nyumba yake, kufungiwa miaka mitano ni kubomolewa chumba.

Hatua ya 6: Laini ya simu kwanza, benki baadaye

Watu huhangaikia benki. Mimi nasema laini. Namba yako ya nyumbani ndiyo inayopokea namba za siri za benki, ndiyo M-Pesa, ndiyo ulikojiandikisha kila kitu. Kwa Tanzania imefungwa na alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ikifungwa kwa kutotumika au simu ikiibwa, kuirudisha kunakutaka wewe na vidole vyako dukani. Hakuna shemeji atakayekusaidia hapo. Weka laini kwenye simu ya pili ya bei rahisi, washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, na iongezee salio kila mwezi ili ionekane hai.

Akaunti mbili, benki mbili tofauti, kadi mbili zinazolala mifuko miwili tofauti. Angalia kadi inaisha lini, ipange siku hiyo ikukute nyumbani, kwa kuwa mabenki yetu mengi hutaka uifuate mwenyewe tawini. Kenya ukiwa mgeni unasajili laini na M-Pesa kwa pasipoti, na pesa inavuka kuja Tanzania bila kugusa benki. Noti za dola ziwe za toleo jipya, safi, zisizokunjwa. Maduka ya kubadilishia pesa hayaipendi dola iliyozeeka.

Hatua ya 7: Ugonjwa na mauti

Bima ya taifa inaishia mpakani. Bima ya safari nayo imetengenezwa kwa mtu anayeondoka na kurudi: soma kifungu cha nchi ya makao, idadi ya siku mfululizo wanazokubali uwe nje, na kama wanakubali uinunue ukiwa tayari safarini. Wengi hawakubali. Presha, kisukari, pumu ulivyokuwa navyo kabla, kwa kawaida havimo mpaka uvilipie. Anayeishi hivi mwaka mzima atafute bima ya afya ya kimataifa yenye kulipia kulazwa na kuhamishwa kwa ndege. Ya meno iache, meno tutatengeneza nyumbani.

Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano na, tangu Julai 2016, kinadumu maisha yote. Ukikutana na afisa anayedai kimeisha baada ya miaka kumi, mwonyeshe kwa heshima kwamba kanuni za Shirika la Afya Duniani zilibadilika. Usikipoteze, maana kukipata upya ni foleni nyingine.

Halafu lile tusilopenda kulitaja. Ukifia mbali, kuna mtu atafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchangisha. Sote tumeshachangia. Hakikisha bima yako inataja kusafirisha mwili, na kwa kiasi gani. Andika kwenye karatasi uzikwe wapi, maana ndugu wakianza kubishana baina ya kwa baba na kwa mama, wewe huna la kusema. Waislamu wenzangu ambao tungependa kuzikwa haraka pale mauti yalipotukuta, tuandike hivyo waziwazi na tumwambie mtu. Karatasi yangu iko kwenye ile bahasha ya kaki. Kopi ipo kwenye pasipoti, nyuma ya cheti cha chanjo, pamoja na namba ya shemeji na ya ubalozi ulio karibu na kila kituo changu. Kuna nchi ambazo ubalozi wetu wa karibu uko nchi nyingine kabisa. Jua hilo kabla pasipoti haijaibwa, kwa sababu hati ya dharura watakayokupa kwa kawaida ni ya kukurudisha nyumbani tu, na mzunguko wa mwaka huo umeishia hapo.

Hatua ya 8: Jua lini ukubali kukaa

Ukipata mtoto wa kwenda shule, kaa. Mama mjamzito pia, walau kuanzia mwezi wa sita, mahali penye kliniki inayokujua. Ukipata ugonjwa wa dawa za kila mwezi, kaa karibu na dawa. Ukianza kuona unachagua nchi kwa kuzikimbia siku badala ya kuzipenda, pumzika mwaka mmoja kwa kibali halali.

Ukiamua hivyo, kumbuka kwamba nchi nyingi zitataka cheti cha polisi kutoka kila mahali ulipokaa miezi sita au mwaka. Wewe uliyekuwa na siku 110 hapa na 60 pale, ulizia kwanza wanavyozihesabu siku hizo, na uwe na lile daftari la mistari. Langu la kwanza limejaa, liko Ngamiani na vyeti vingine. La pili nimefikia ukurasa wa Zambia.